Mwaka Niliojifunza Kuchuchumaa Upya

Niliondoka Chunya asubuhi moja ya kiangazi bila kumuaga mtu na bila kujua ninakwenda wapi. Niliamka, nikaona jua limeshapenya kwenye matundu ya bati, nikavaa shati, nikauingiza mguu wa kushoto kwenye kiatu, nikajaribu wa kulia, ukagoma, na nikiwa nimekaa pale na kiatu mkononi nikaamua kwamba chumba kile sitalala tena. Ndivyo nilivyokuwa nikiamua mambo. Shule niliiacha kidato cha pili kwa mtindo huohuo: nilipita getini, nikaona lori linapakia matofali, nikataka kujua yanapelekwa wapi. Chunya nilikuwa nimekaa miezi minane, ambayo kwangu ni mingi, na kilichonikalisha ni mguu. Ngazi ilichomoka kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, nikazimaliza mita za mwisho kwa kuanguka. Hospitali walinifunga hogo, plasta ile nyeupe iliyo ngumu kama jiwe, kwa wiki sita. Walipoikata, picha ilionyesha mfupa umeunga vizuri na daktari akanipongeza. Lakini kifundo cha mguu kilikuwa hakikunjiki. Kutembea nilitembea, kwa kuuzungusha mguu pembeni kama mtu anayefyeka majani kwa unyayo. Kupanda ngazi ya duara, hapana. Kuchuchumaa, hapana. Nilidandia lori la tumbaku hadi Mbeya, na pale stendi mpiga debe mmoja akaniuliza, "Braza, wapi?" Nikamwambia gari lolote linaloondoka kwanza. Lilikuwa la Iringa.

Mwezi uliopita nilikutana na Dada Atu, yule aliyenitibu mguu mwaka ule, sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akichagua mchele. Ni miaka ishirini na kitu sasa. Nywele zake zimekuwa nyeupe na anatembelea fimbo, lakini bado alinitazama miguu kabla ya uso. "Wa kulia," akasema, kama mtu anayetaja jina la jamaa yake. Kisha, mbele ya wauza mchele: "Chuchumaa nikuone." Nikachuchumaa katikati ya njia, mtu mzima na kipara changu, visigino vyote viwili chini, na mwenye toroli akinipigia mluzi nimpishe. Dada Atu akaridhika. Akaniuliza ninaishi wapi siku hizi, nikamwambia hapa na pale, akacheka kwa pua. Tulipoagana nilitembea mpaka giza likaingia, bila kuelekea popote, na kila hatua niliuhisi ule mwaka kwenye kifundo cha mguu. Wengine hukumbuka kwa harufu, au kwa wimbo. Mimi hukumbuka kwa kiungo hicho, na kikishaanza kukumbuka hakiniachi nikae.

Iringa ilinipokea kwa baridi. Nilipata chumba Mlandege, kwa mjane aliyeitwa Mama Zuhura, chumba chenye kitanda cha futi tatu, dirisha la mbao lisilofunga, na kuta zilizobandikwa magazeti kuzuia vumbi. Niliyasoma yote siku ya kwanza, hata yale yaliyobandikwa kichwa chini. Choo kilikuwa cha shimo, uani, na hapo ndipo aibu yangu iliponisubiri kila asubuhi. Mtu asiyeweza kukunja kifundo hawezi kuchuchumaa. Anaanguka kinyumenyume, tena upesi. Siku ya tatu Mama Zuhura alinisikia nikiyagonga mabati kwa kisogo. Niliporudi jioni nilikuta amefunga kamba ya katani kwenye boriti ya choo, yenye fundo kubwa la kushikia. Wapangaji wenzangu wakaiita kengele. "Mchunya kaenda kupiga kengele," walisema kila nilipobeba kopo la maji, na jina la Mchunya likanishika kuliko lile nililozaliwa nalo.

Kazi niliyoiweza ilikuwa ya kukaa. Ghala moja la nafaka karibu na soko lilitaka watu wa kuchambua maharage, kutoa mawe na mbegu zilizooza, nikawa mwanaume peke yangu kati ya wanawake kumi na mmoja, wote tumeketi juu ya magunia, miguu tumeinyoosha mbele. Mchana tulikula kande kwenye sufuria moja kubwa, na siku ambayo mwenye ghala, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa huohuo na aliyesema Kihehe kuliko mimi, alikuwa na furaha, alituletea chai ya tangawizi kwenye birika. Sijapata kusikia mazungumzo matamu kama yale. Wanawake wale walizungumza kuhusu ndoa, misiba, uchawi na bei ya sabuni bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mchunya, dhahabu umeiona humo?" aliuliza Mama Neema, ambaye alikuwa ndiye mkuu wa utani wetu.

"Bado, shangazi. Naona mawe tu."

"Chambua, usichoke. Mwanaume akikosa dhahabu anapata maharage, akikosa maharage anapata mke wa Kihehe."

"Mke wa Kihehe amtakie nini huyu?" akadakia mwingine. "Akimkosea, hawezi hata kuchuchumaa amwombe msamaha."

Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Maji ya moto yenye chumvi, kukanda asubuhi na jioni. Mafuta ya chatu. Majani fulani yanayochomwa kwanza. Nilijaribu yote, maana mimi kitu nisichokijaribu hakinipi raha. Maji ya moto yalikuwa mazuri mpaka yalipopoa. Ndipo Mama Zuhura aliponiambia, akinipakulia ugali, "Mwanangu, ile kamba niliifunga ya muda tu. Sikuifunga uzeeke nayo. Kesho utakwenda kwa Dada Atu. Alinirudishia bega hili, na bega hili lilikuwa limeshazikwa."

Jina lake kamili lilikuwa Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye vidole gumba vinene kama vya mfinyanzi. Alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ndogo. Hakikunuka dawa yoyote. Kilikuwa na kitanda kirefu cha kwenda juu, taulo lililokunjwa, mkanda mpana wa turubai, kiti kifupi, na juu ya kabati mifupa ya mguu wa bandia iliyoshonwa kwa waya. Niliitazama ile mifupa mpaka akaniita mara mbili. Alinisimamisha mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikigusa ukuta, akasema nipeleke goti mbele liguse ukuta nalo, kisigino kisinyanyuke. Mguu wa kushoto ulifika. Akaniambia niusogeze nyuma kidogokidogo, na ukaendelea kufika hata kulipokuwa na nafasi ya upana wa vidole vitano. Wa kulia, goti liliishia hewani.

"Sifuri," akasema. "Hata kidole kimoja huna. Nani alikutoa hogo?"

"Hospitali."

"Wiki ya ngapi? Picha unayo?"

Nilimpa picha. Aliielekeza dirishani, kisha akapita juu ya mfupa wangu kwa ncha ya kidole, sentimita kwa sentimita, akibonyeza na kuniuliza hapa panauma, hapa je. Alifanya hivyo kwa kila mtu na kila siku, hata kwa aliyemtibu jana yake. Nilidhani ni kama salamu za Wahehe, ambazo lazima uzimalize zote, za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, kabla hujasema shida yako. Baada ya hapo ndipo alinilaza chali, kisigino kikining'inia nje ya ukingo wa kitanda, taulo chini ya muundi. Mkono mmoja ukaubana mguu juu ya kifundo usicheze. Mkono wa pili akaufungua, akaweka ile panda iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada mbele ya kifundo, akaegemea. Hakutumia nguvu za mkono. Aliegemea kwa mwili mzima, taratibu, akaachia, akaegemea tena, kama mtu anayesukuma mlango huku ndani kuna mtoto amelala. Sikuona kitu kikisogea. Lakini ndani kabisa, mahali ambapo sikujua pana mahali, kitu kilikwenda nyuma upana wa ukucha na kurudi.

"Maji ya moto yanalainisha nyama," alisema. "Hapa kilichogoma si nyama. Ukikunja mguu, mfupa huu wa katikati lazima urudi nyuma kidogo ndipo muundi upite juu yake. Wako umesahau njia."

"Kwa nini misuli isiuvute?"

Aliacha kusukuma akanitazama. Nadhani ndipo tulipopatana. Aliushusha ule mguu wa waya na kunionyesha mfupa mmoja wa duara, umekaa kati ya muundi na kisigino. Alisema hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana na mfupa huo. Unakwenda pale tu mifupa mingine inapousukuma. Aliutaja kwa Kilatini, nikaandika jina lake kiganjani, likafutwa na maharage mchana uleule. Sikulala vizuri kwa kuufikiria. Mfupa unaobeba mwili wote, na hauna wa kuuvuta.

Nilikwenda mara mbili kwa wiki, miezi minne. Kuna siku aliuvuta mguu mzima kwa kukishika kisigino, akiegemea nyuma kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kuna siku alihangaika na mfupa mwembamba wa nje, akiusukuma kule chini kwenye nundu ya kifundo na kule juu karibu na goti, na nilishangaa kwamba kifundo kinaweza kufungiwa gotini. Siku nilizozipenda zilikuwa za mkanda: nilikanyaga kiti kifupi, akauzungusha mkanda nyuma ya muundi wangu na kiunoni mwake, akaegemea nyuma akiuvuta muundi mbele huku mimi nikilipeleka goti. Kidole kimoja. Wiki mbili baadaye, viwili. Mama Zuhura alikuwa akiuliza "Vingapi?" badala ya "Habari za huko?" na ghalani Mama Neema alitangaza idadi kama matokeo ya mpira. Siku ya vidole vitatu nilichuchumaa bila kamba kwa kuhesabu hadi kumi, nikatoka chooni nikiwa mtu mwingine.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema vizuri. Sikuwa nikiponywa tu, nilikuwa naiba. Kila alipouweka mkono wake, nilipima umewekwa wapi, umeinama vipi, anahesabu hadi ngapi. Nyumbani nilimlaza Mama Zuhura kwenye kitanda changu na kujaribu kwenye kifundo chake cha uzee. Akasema anasikia wepesi. Kisha Mama Neema, kisha mpangaji wa chumba cha pili aliyeteguka akishuka kwenye baiskeli. Walinisifu. Mtu ambaye hajawahi kumaliza kitu akisifiwa mikono yake, kichwa huvimba upesi. Nilimweleza Dada Atu kwa majigambo, nikitegemea atacheka. Hakucheka. "Umeiba kusukuma," alisema. "Hujaiba kusikiliza. Kiungo kigumu husukumwa, mfupa mbichi huachwa, na mikononi vinafanana." Nikaitikia ndiyo, dada, kama nilivyokuwa nikiwaitikia walimu.

Festo alifika wakati wa baridi kali, akiwa na gongo la kutembelea na galoni la ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuwa seremala wa Mafinga, mume wa mpwa wa Mama Zuhura, mtu wa miaka thelathini hivi, mcheshi, ambaye gogo la paina lilimbingirikia mguuni na kumvunja pale juu ya kifundo. Alitaka kumwona Dada Atu. Lakini Dada Atu alikuwa amekwenda msibani Tukuyu, na asingerudi kabla ya siku kumi. Festo hakuweza kungoja siku kumi. Alikuwa ameahidi madirisha ya kanisa jipya, na kanisa lilikuwa na siku yake ya kufunguliwa. Alilala chumbani kwangu, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, na tulikunywa ulanzi kwa kikombe kimoja cha bati huku akinieleza tofauti ya mbao ya mninga na ya paina, jinsi kila moja inavyolia chini ya randa. Nilimpenda kabisa. Mama Zuhura alipopita na kusema, "Huyu Mchunya naye anajua kusukuma," Festo akaweka kikombe chini.

"Kumbe dokta nimelala naye chumba kimoja! Basi nisukume, mdogo wangu. Nirudi na mguu."

Nilimlaza palepale, nikakunja khanga ya Mama Zuhura kuwa mto chini ya muundi. Na hapa lazima niandike nilichokiona. Mbele ya mguu wake, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo, kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, wenye kigaga. Mguu wangu ulipofunguliwa hospitali, ile mashine yao ya kutetemeka haikuniacha na alama yoyote. Nililijua hilo. Mimi niliyesoma magazeti yaliyobandikwa kichwa chini, sikuuliza mstari ule umetoka wapi. Sikuuliza wiki ngapi, wala picha, wala sikupita na kidole. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye sehemu niliyoijua. Nikaubana mguu, nikaweka panda ya mkono, nikaegemea. Festo akavuta pumzi kwa meno.

"Maumivu ndiyo yanayofungua," nikamwambia. Maneno hayo hata hayakuwa ya Dada Atu, niliyatunga.

Nikaegemea zaidi, na kiganja changu kikahisi kitu. Hakikutoa sauti. Kilikuwa kama biskuti inayovunjika ndani ya kitambaa. Kisha mguu ukawa mwepesi, ukaenda, na kinachoniuma mpaka leo kuliko yote ni kwamba nilifurahi. "Umeona? Umefunguka!" Festo alikuwa akitokwa jasho katika baridi ile, akitabasamu kwa meno yaliyobanana, akisema asante, mdogo wangu, asante. Asubuhi aliondoka na lori la mbao lililokuwa linarudi tupu. Alipanda kwa mikono.

Nadhani nilijua kabla lori halijakata kona. Kiganja kilijua. Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Nilichambua maharage nikiwa nimesimama, mpaka mwenye ghala akauliza kama magunia yana kunguni. Jioni nilitembea mji mzima, nikapanda hadi jiwe la Gangilonga, nikashuka, nikapanda tena, na mguu wangu ulipanda vizuri sana. Wiki ileile goti lilifika ukutani kwa vidole vitano. Hakuna aliyesherehekea, maana sikumwambia mtu. Mara mbili nilifunga begi. Ningeweza kwenda Songea au Dodoma, au kurudi Chunya na kushuka tena kwenye duara. Nimeondoka sehemu nyingi kabla na baada ya hapo, na siku zote nilisema ni udadisi. Ile ilikuwa mara ya kwanza nilipofunga begi nikajua jina halisi la udadisi huo: kukimbia.

Dada Atu aliporudi, macho yakiwa bado mekundu kwa msiba, nilimngojea mlangoni mwa zahanati kabla ya wagonjwa. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliniuliza maswali yake yaleyale, nani alimtoa hogo, wiki ya ngapi, picha iko wapi, na safari hii nikaelewa hayakuwa salamu. Nilimwambia tu kuhusu ule mstari. Akaenda kwenye beseni akanawa mikono, ingawa hakuwa amemgusa mtu.

"Huo ni msumeno," alisema. "Amejikata mwenyewe. Hawa maseremala wa huko si wa kwanza. Wanaona plasta kama ubao. Leo siku ya ngapi tangu umsukume?"

"Ya kumi."

"Mfupa mbichi ukisogezwa unashika hapohapo uliposogea. Ukishika upande, atatembelea ukingo wa mguu maisha yake yote, na kila hatua itamuuma. Sasa hivi unaweza kurudishwa. Ukichelewa, itakuwa kisu, kama kisu kitapatikana." Aliandika barua ya hospitali, akaikunja. Simu za mkononi zilikuwa za wachache, na Festo hakuwa mmoja wao. "Mimi nina watu kumi na wanne pale nje. Na barua haina miguu."

"Nitakwenda."

"Usimguse. Hata kumfunga bandeji, usimguse."

Pale stendi, konda wa basi la Dodoma alilishika begi langu kabla sijasema neno. "Dodoma hiyo, bosi, siti ya dirishani." Dodoma nilikuwa sijawahi kufika. Sitasema nilipigana na nafsi yangu. Nilisimama tu na begi tukilivuta, yeye huku, mimi huku, mpaka akauliza kama nina akili timamu. Basi la kwenda Mbeya lilikuwa linapiga honi. Nikalidandia, nikamwambia konda anishushe Mafinga.

Nilikuwa sijawahi kushuka Mafinga, nilikuwa nimeipita tu. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na hewa ilinuka utomvu na mbao mbichi, harufu kali inayokaa kooni. Magogo yalilala pande zote kama ng'ombe. Nilianza kuuliza kwenye kiwanda cha kwanza, namtafuta fundi Festo, mwenye mguu mbovu. Mzee aliyekuwa akinoa msumeno akanionyesha kiganja chake chenye vidole vitatu. "Hapa kila fundi ana mguu wake au kidole chake, kijana. Wenye mguu ni wengi. Anatengeneza nini?" Nikasema madirisha ya kanisa. "Kanisa lipi? Tuna makanisa kama uyoga." Nilikwenda kiwanda hadi kiwanda, karakana hadi karakana, nikikanyaga maranda yanayozama, nikiruka mitaro, nikipanda juu ya magogo kukatiza njia. Sikumbuki kama nilikula. Nakumbuka kwamba kifundo changu kilifanya kila nilichokitaka, na kwamba sikukifurahia hata kidogo.

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu nilipoisikia randa inayopiga mara mbili na kupumzika, mara mbili na kupumzika. Festo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, goti la mguu mbovu ameliegemeza kwenye stuli. Buti la mpira alikuwa amelipasua kwa kisu ili mguu uingie. Mkewe, Salome, alikuwa anafagia maranda, mtoto mgongoni.

"Kamwene, dokta!" akasema Festo. "Salome, huyu ndiye aliyenifungua mguu."

"Kamwene. Mimi si dokta." Sikukaa kwenye gogo alilonionyesha. "Kaka Festo, nani alikutoa hogo?"

"Umetoka Iringa kuja kuniuliza hilo?"

"Ndiyo. Nilitakiwa kukuuliza kabla sijakugusa."

Alipiga randa mara mbili. Kisha akaelekeza kwa kidevu msumeno uliotundikwa ukutani, wa meno madogo, wa kukatia fremu. "Wiki ya nne. Plasta ni laini kuliko mninga."

"Uliniambia ni hospitali!" Salome aliacha kufagia. "Festo! Uliniambia sista alikutoa!"

Nikaeleza. Nilieleza kila kitu, biskuti, kitambaa, na kwamba nilifurahi. Nilimwambia yale maneno ya maumivu kufungua niliyatunga. Nikampa barua, na kwa kuwa ilikuwa ya kidaktari nikamweleza maana yake: kushika upande, ukingo wa mguu, kila hatua. Aliisikiliza yote akitazama mbao. Niliona amekasirika, na nikasubiri anipige, ningependa anipige.

"Kwa hiyo tumeuvunja wawili," alisema mwisho. "Mimi kwa msumeno, wewe kwa kiganja."

"Mimi zaidi. Mimi nilisikia."

"Yamebaki madirisha manne. Siwezi kwenda."

"Utakwenda kesho," alisema Salome.

"Mke wangu, kanisa linafunguliwa."

"Lifunguliwe na upepo ukiingia. Mungu hashikwi na mafua. Mimi nitaishi na wewe na huo mguu mpaka nife, mchungaji ataishi na hilo dirisha Jumapili moja."

Festo akacheka bila kupenda, na kicheko kikamuuma, nikaona kinavyoshuka hadi mguuni. Akaweka randa chini. Alizitazama fremu zilizolazwa sakafuni, kisha akanitazama mimi, kwa muda, kama anavyopima ubao kabla hajaununua.

"Mchunya, msasa umewahi kushika?"

"Hapana."

"Vioo?"

"Hapana. Lakini nikionyeshwa mara moja nashika." Nilijisikia nikisema hivyo, nikajirekebisha. "Nionyeshe mara tatu. Na nikiwa sijui nitauliza."

"Kuna fundi jirani, atakukagua kila jioni. Usikate kitu bila yeye." Akamgeukia mkewe. "Alale kwenye stoo ya mbao."

Salome alinipeleka. Ilikuwa banda la mabanzi nyuma ya karakana, mbao zimepangwa pande tatu hadi juu, na katikati pamebaki nafasi ya kitanda, ambacho nacho kilikuwa mbao mbili juu ya matofali. Kulikuwa na msumari wa kutundika nguo. Hapakuwa na dirisha. Mlango ulikuwa na kufuli, na akanipa ufunguo wake, kitu ambacho wenye nyumba huwa wanangoja kwanza kabla ya kunipa. Alikuwa amebeba blanketi moja mkononi, bado amenuna, bado hajaamua kama mimi ni mgeni au ni balaa.

"Mama Zuhura anasema wewe hukai mahali. Sasa nataka kujua, nijipange. Utakaa siku ngapi?"

Maishani nimeulizwa swali hilo kwenye milango mingi, na siku zote nilijibu mbili, tatu, tutaona.

"Mpaka mguu wake ushike," nikasema.

Alihesabu kimoyomoyo, mtoto akimvuta hereni.

"Basi blanketi moja halitoshi," akasema, akaenda kuleta la pili.